Kifuniko cha Sufuria Siku ya Purimu

Mwaka ule nilikuwa nikimtunza mama mzee wa Kiyahudi huko Rockville, ughaibuni, mjane, miguu imemwishia nguvu lakini ulimi bado mkali. Wiki ya Purimu, sikukuu yao ya kumkumbuka malkia aliyewaokoa watu wake wasiuawe, mtu asiyejulikana alipiga simu kwenye sinagogi la mama huyo akatisha kulilipua. Polisi walikagua, hawakuona kitu. Binti yake akanipigia kutoka mbali.

"Tafadhali, usimpeleke."

Mama hakutaka kusikia. "Nimevaa taji la karatasi kila Purimu tangu utotoni. Kama unaogopa, kaa hapa. Nitaita teksi."

Niliogopa, kweli. Nina watoto wawili shuleni, na baba yao yuko Nakuru. Lakini ningewezaje kumwachia dereva wa teksi mwanamke asiyeweza kusimama? Nikalibana taji kichwani mwake kwa pini, nikatia mkobani kifuniko cha sufuria na kijiko, kama alivyoagiza.

Mlangoni mwa sinagogi palikuwa na gari la polisi. Mlinzi alikigeuzageuza kile kifuniko bila kutabasamu. Ndani, kwa desturi ya sikukuu, watoto walivaa kama simba, kama wapishi, mmoja kama ndizi. Mimi nilikuwa natafuta milango ya kutokea. Nikaegesha kiti cha magurudumu karibu na mlango wa pembeni, nikafunga breki, kisha nikazifungua tena.

Msomaji akaanza kisa cha yule malkia kwa Kiebrania. Kila alipomtaja waziri aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, watu walipiga makelele ili jina lake lisisikike. Mama aligonga kifuniko chake. Mimi nilikuwa nikijiuliza: risasi ikilia humu, nani ataisikia?

Basi kukatokea kishindo kwenye ukumbi wa nje, wakati watu wametulia. Sikufikiri. Nilimwangukia mama, nikamfunika kwa mwili wangu. Nyuma yangu viti vilipinduka, mtoto akalia.

"Ni meza!" mlinzi akapaza sauti. "Meza imeanguka tu!"

Hakuna aliyecheka.

"Unaniponda," mama akasema chini ya kifua changu. Nilipoinuka, alikuwa bado ameng'ang'ania blauzi yangu. Sikuwahi kumwona hivyo.

Msomaji alifuta miwani, akautafuta mstari wake, akaendelea kwa sauti nyembamba. Lile jina lilipofika, kila mtu alimngoja mwenzake aanze. Mama akanisukumia kifuniko.

"Mimi sina nguvu. Piga wewe."

Nikapiga. Nikapiga mpaka kijiko kikapinda, na sinagogi zima likanifuata kwa miguu na makofi, mtoto wa ndizi akirukaruka juu ya kiti. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, na moyo bado unanidunda kwa hofu.

Jioni binti yake alipiga simu. "Mlikwenda?"

"Tulikwenda."

"Alifurahi?"

"Alifurahi sana. Hata mimi."

Habari ya meza sikumwambia.