Wimbo Mnaoucheza Ulitungwa Kunitukana Mimi

Admin, jina langu lifiche, na kijiji ninachoishi sasa usikitaje. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mjane, mzaliwa wa Gendabi. Simu hii nilinunuliwa na mwanangu, na siku hizi kila nikiifungua nakuta mnabishana juu ya wimbo wa zamani uliorudiwa na kijana mmoja, ule wa "Mtoto wa kombaini, baba yako nani?" Wengine mnasema unadhalilisha wanawake, ufungiwe. Wengine mnasema ni utani tu, watu wacheze. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo binti anayeimbwa ni nani. Ni mimi.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nawapikia vibarua wa mavuno upande wa Basotu. Mtunzi wa wimbo huo alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, na mpiga gitaa wa bendi ya shamba. Aliniahidi ndoa. Nilipomwambia nina mimba akanijibu, "Madereva tuko wengi hapa, kawaulize na wenzangu." Sikuwa nimemjua mwanaume mwingine, na yeye alijua hivyo.

Kwa desturi yetu wakati ule, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa hakuzalia nyumbani kwao. Ilihesabiwa mkosi kwa watu na kwa ng'ombe. Baba yangu, Mkristo asiyekosa ibada, alinitoa nyumbani. Nilipokelewa na jirani yetu mfugaji, mama wa Kibarbaig, kabila tofauti na letu, hivyo mkosi wetu kwake haukuwa na maana. Nikazalia kwake. Mtoto bado mchanga, nasikia redioni bwana yule anaimba kwamba binti wa Gendabi kazaa na kombaini kwa sababu hakumbuki dereva. Watu walicheka mpaka mnadani. Wazee wa kanisa wakakasirika, wakasema maneno yale ni machafu. Mnajua walichofanya? Walinifukuza mimi kwenye kwaya. Yeye waliendelea kumwalika kupiga gitaa harusini.

Mungu alinipa mume mwema wa Nangwa. Alimlea mwanangu kama damu yake, na hadi leo mwanangu anajua huyo marehemu ndiye baba yake. Ana duka la vipuri Katesh, na wimbo huo anaupiga tangu asubuhi. Nilimwambia auzime, akacheka. "Mama, huu ni wimbo wa kwetu, umeitangaza Hanang." Nilitamani kuitupa ile spika barabarani.

Sasa mtunzi yule anaitwa gwiji, na Jumamosi anakuja Katesh kupewa heshima. Mwanangu yuko kwenye kamati ya sherehe hiyo. Jana alikuja nyumbani na furaha zake: "Shikamoo mama. Nimekuombea nafasi. Wewe ndiye utamvisha mzee shuka, kwa niaba ya akina mama wa Gendabi."

Nina hasira. Nikikataa, atataka sababu. Nikienda, nitamfunika kwa mikono yangu mtu aliyenivua nguo mbele ya nchi nzima. Nikisema ukweli pale jukwaani, mwanangu atajua mbele ya umati kwamba mtoto anayechekwa ni yeye.

Ninyi mnaobishana humu, acheni kidogo mnijibu mimi mwenye wimbo. Jumamosi nifanye nini?