Jina la Baba Kwenye Fomu

Kiwanda cha ngozi kilinuka hata siku ambazo mashine zilikuwa zimezimwa. Upepo uliposhuka kutoka milimani jioni ulipita kwanza juu ya mabwawa ya chokaa ambamo ngozi za ng'ombe zililowekwa, kisha ukatufikia sisi wa kota za wafanyakazi ukiwa mzito, wenye uchachu kidogo, kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Hatukuisikia harufu ile mpaka mgeni aje na kuziba pua. Ndipo tulipocheka na kumwona mshamba. Baba alirudi nayo mikononi kila siku saa kumi, akanawa kwa sabuni ya mche na majivu, na bado akikushika shavu ulijua amefika. Nilikuwa na miaka kumi mwaka ninaousimulia, na nilidhani kila baba duniani hunuka hivyo.

Jina lake lilikuwa Felisberto Nahota. Alizaliwa Msumbiji, akavuka Mto Ruvuma akiwa kijana kuja kukata mkonge katika mashamba ya upande wa Kimamba, kama walivyofanya Wamakua wengi wa rika lake. Huko mkongeni alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau: mtu asiye na karatasi asipite karibu na ofisi yenye karatasi. Baadaye alipata kazi kiwandani mjini Morogoro, akamwoa mama, Mluguru wa Mgeta, wakatuzaa sisi wawili, kaka yangu Anselmo na mimi, Luisa, nikiwa nimepishana naye miaka tisa. Baba alikuwa amesoma misheni kwao na mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu, herufi zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Majirani walimletea barua zao awaandikie. Lakini kwa habari zake mwenyewe hakuandika popote. Sisi sote wawili tulizaliwa hospitali ya mjini na hakuna aliyewahi kwenda kutuchukulia cheti.

Anselmo alikuwa winga wa kushoto wa timu ya kiwanda. Kwenye daftari la ajira aliitwa msaidizi wa stoo, ila kila mtu alijua kwamba mkurugenzi alimwajiri kwa ajili ya ule mguu. Alikuwa mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama kidogo, na alipokuwa nyumbani ungeweza kusahau kwamba yupo. Uwanjani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akipokea mpira karibu kabisa na mstari, anasimama, anamwacha beki aje, halafu anatoweka na kumwacha ameshika hewa. Mama alinituma na chupa ya uji mazoezini, nami nilikaa nyuma ya goli kwenye nyasi zilizowasha mapaja. Kwenye mechi za ugenini, na hata za nyumbani timu ya kiwanda ilipozidiwa, kulikuwa na watu waliompigia kelele: "Mkimbizi! Rudi kwenu!" Msumbiji wakati ule kulikuwa na vita na jina hilo lilikuwa rahisi mdomoni. Anselmo hakuwahi kugeuka. Mimi niligeuka kila mara, nikitaka kuziona sura zao, na zilikuwa sura za kawaida tu, za watu wanaokula karanga.

Mwaka huo milango ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa na mambo yakaenda mbio. Sokoni kulimwagwa marobota ya mitumba, na miongoni mwake viatu vya ngozi kutoka Ulaya, vimevaliwa kidogo tu, ambavyo mtu aliviona bora kuliko vipya vya kwetu. Ngozi za kiwanda zikalundikana stoo bila mnunuzi. Kwanza ikafutwa zamu ya usiku, kisha likaja tangazo getini kwamba kiwanda kinatafutiwa mwekezaji na wafanyakazi wasubiri nyumbani. Baba alilisoma tangazo lile mara mbili, akasema limeandikwa kwa Kiswahili kibaya. Timu ikavunjwa wiki hiyo hiyo. Jezi zilirudishwa ofisini zikiwa zimefuliwa na kukunjwa, kana kwamba zitahitajika Jumamosi. Baba alichukua sindano yake na vipande vya ngozi alivyoruhusiwa kubeba, akaanza kushona viatu barabarani karibu na soko. Anselmo alikimbia peke yake kila asubuhi mpaka Bigwa na kurudi, bila kuambiwa na mtu anakimbilia nini.

Ndipo alipokuja katibu wa klabu moja kubwa ya Dar es Salaam. Alifika mchana wa Jumapili ndani ya gari jeupe la Pijo, mtu mnene mwenye leso ya kufutia jasho, akawaamkia wazazi wangu kwa adabu. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Alikaa kwenye kiti chetu kizuri na kunywa maji yote aliyopewa. "Kijana anajua mpira, hilo halina ubishi," alisema. "Nimekuja nimchukue. Tatizo ni jina hili. Wapinzani wetu wakiliona Nahota kwenye fomu watakata rufaa, watasema tumesajili mgeni kwa siri. Tutapokonywa ushindi, na yeye atafungiwa."

"Kazaliwa hapa hapa mjini," baba alisema.

"Naamini, mzee. Cheti kiko wapi?"

Baba alitazama viganja vyake. Katibu akasema usajili unafungwa Ijumaa, na kama kuna namna yoyote ndani ya familia, yeye hatauliza maswali.

Namna hiyo aliileta mama. Kesho yake alipanda milimani hadi Mgeta kumfuata kaka yake, mjomba Mloka, mkulima wa kabichi na njegere, na Jumatano wakashuka pamoja. Mjomba alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimsalimia baba, akaulizia afya yake, akaulizia kiwanda, ndipo akaingia kwenye neno lenyewe. "Shemeji, kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa tumbo la mama yake. Huyu ni wa ukoo wangu tangu alipozaliwa. Akiandikwa Mloka sikunyang'anyi kitu, nampa kilicho chake." Alisema kweli, na alisema kwa upendo. Hata kwa Wamakua desturi hiyo ipo, na baba alikulia ndani yake. Ila nilimwona baba akitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa wala kukubali. Akamwita Anselmo aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Wewe unataka?"

"Nataka kucheza, baba."

"Sijakuuliza hilo."

Anselmo akaanza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kaka yangu akilia tangu nipate akili. Alilia akiwa amesimama wima, mikono imeshikamana nyuma, kama anaimba wimbo wa taifa shuleni. Mama aliinuka, akakaa tena.

Ijumaa asubuhi katibu alirudi na fomu. Mjomba alikuwepo, amevaa koti lake la kanisani. Fomu iliwekwa mezani na Anselmo akapewa kalamu. Aliandika jina lake la kwanza, Anselmi, bila ile o ya mwisho, maana katibu alishauri hata hiyo iondoke. Akafika kwenye mstari ulioandikwa jina la baba. Kalamu ilisimama hapo. Nje tulisikia jirani anatwanga, na Anselmo alikaa vile mpaka wino ukaanza kufanya doa dogo mwanzoni mwa mstari.

"Lete hapa," baba alisema. Akavuta kiti, akageuza fomu upande wake, na kwa ule mwandiko uliolala akaandika: Mloka. Hakuharakisha. Alipomaliza aliipuliza karatasi ikauke, akamrudishia Anselmo kalamu. "Mtu asije akasema siku moja kwamba ulinikana," alimwambia. "Hukunikana. Nimekutoa mwenyewe." Kisha akachukua mfuko wake wa sindano, akatuaga kwa heri kama siku zote, na kwenda kazini kwake barabarani. Anselmo aliondoka na Pijo saa tano. Hawakuagana tena.

Miezi miwili baadaye klabu ilicheza mechi kubwa na majirani wakajaa uani kwetu kusikiliza redio. Mtangazaji alikuwa na pumzi nyingi. Ghafla tukasikia, "Mloka, anamwacha mmoja, bado Mloka, anapiga... goli! Anselmi Mloka!" Uani kulilipuka. Watu walikumbatiana, mwanamke mmoja alipiga vigelegele, na mzee wa jirani ambaye hakujua mambo ya fomu akamuuliza baba, "Mloka ndiye nani? Si Selmo wetu huyu?" Baba alikuwa ameinamia kiatu cha mtu, uzi kati ya meno. "Ndiye," alijibu. "Huyo ni mtoto wa shemeji yangu." Alisema bila uchungu wa kuonekana, kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Kisha akaomba redio iongezwe sauti.

Kaka yangu alicheza misimu mitano Dar es Salaam, akaitwa timu ya taifa mara kadhaa, na baadaye akanunuliwa na klabu ya Omani. Kwa mpira wake tulihama kota, na mimi nikasoma hadi chuo cha ualimu. Kila alipokuja likizo alikaa na baba barabarani, wakishona wote wawili, na watu walisimama kumtazama mchezaji akitoboa soli. Kuhusu jina hawakuzungumza, au walizungumza nisipokuwepo. Kisha baba akaugua kifua, akafa kabla ya Anselmo kumaliza mkataba wake wa pili. Niliitumia klabu yake nukushi kutoka posta: Felisberto Nahota amefariki, mwache Anselmi aje kumzika baba yake. Meneja wa klabu aliisoma karatasi, akafungua jalada, akamwambia Anselmo kwamba kwa mujibu wa jalada baba yake anaitwa Mloka, na kwamba keshokutwa kuna mechi. Anselmo angeweza kueleza. Lakini kueleza ni kusema kwamba karatasi zake zote, pamoja na pasi ya kusafiria, zimesimama juu ya uongo. Alicheza dakika tisini. Sisi tulimzika baba bila yeye, na mjomba Mloka ndiye aliyetupa udongo wa kwanza kwa niaba yake.

Leo ninafundisha Dumila, na mwisho wa mwezi hupanda basi mpaka stendi ya Msamvu mjini Morogoro kwenda kumwona mama, anayeishi na Anselmo na wajukuu wake. Goti la kaka yangu liliisha zamani. Sasa anafundisha mpira watoto wa mtaani kwake. Njiani nasikia vijana wakibishana juu ya wachezaji wa klabu zetu, na nusu ya majina wanayoyataja yamevuka mpaka: ya Kongo, ya Zambia, ya Ghana. Mashabiki wanawapokea uwanja wa ndege kwa ngoma, jezi zinauzwa zikiwa na majina hayo mgongoni. Ninafurahi kwa ajili yao. Ila huwa najiuliza wale waliokuwa wakila karanga nyuma ya goli wako wapi siku hizi, na kama wapo kwenye mapokezi.

Mwaka juzi nilimpeleka mama kwa wakili kuhusu karatasi za kiwanja. Mama alipotoka kwenda kupumzika kivulini, nilimsimulia yule wakili habari za Anselmo, kwa kupitisha muda tu. Alishangaa. "Mama yake Mluguru, naye kazaliwa hapa Morogoro? Huyo alikuwa raia tangu siku ya kwanza. Cheti kingetafutwa, basi. Hakuhitaji jina la mtu."

Nilikaa na neno hilo wiki tatu. Mwishowe nilimwambia Anselmo tukiwa wawili pembeni mwa uwanja wake, watoto wakikimbia mbele yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akapuliza filimbi, akamwelekeza mtoto mmoja asimame karibu zaidi na mstari.

"Usimwambie mama," alisema.

Sijamwambia. Mama ana miaka mingi sasa, na kila mgeni akiingia humsimulia jinsi alivyopanda Mgeta kwa miguu ile siku ya Jumatatu, na jinsi kaka yake alivyomwokoa mwanawe. Sisi tunamsikiliza, tunaitikia panapostahili, na mmoja wetu huinuka kwenda kumwongezea mgeni chai.