Darubini ya Ng'ombe Wanne

Mume wangu aliuza ng'ombe wanne akanunua bunduki yenye darubini. Wale ng'ombe nawakumbuka kila mmoja kwa jina lake, na mama zao, na zizi walimozaliwa. Majina ya watu nayo nayakumbuka yote, hata ya watoto niliosoma nao mpaka darasa la nne nikatolewa. Lakini humu sitaandika jina la mtu. Mambo haya yana aibu ndani yake, na wenye majina bado tunachota maji pamoja.

Kijiji chetu kiko upande wa Mungaa, chini ya majabali. Penye majabali pana nyani, na nyani wakishuka kwenye mtama au mahindi, kazi ya miezi inaisha asubuhi moja. Kwa hiyo kila shamba lina dungu, yaani kichanja cha miti chenye kivuli cha nyasi, unapanda unakaa juu unalinda mpaka mavuno.

Tena nyani anamjua mwanamke. Mwanamke akipiga debe, nyani anamtazama tu, anaendelea kuvunja hindi. Akiona koti na kofia anakimbia. Ndiyo maana sisi wanawake wa kwetu tukienda kulinda tunavaa makoti ya waume zetu. Langu lilikuwa la kahawia, refu, alilinunua mnadani zamani likambana mabega. Nimelivaa misimu mingi kuliko yeye.

Bunduki yake ya kwanza ilikuwa gobore, alirithi kwa baba yake, na kibali chake anacho. Gobore ni kitu cha bei ndogo na cha shida nyingi. Unatia baruti, unashindilia, unatia goroli, unashindilia tena, unaweka fataki. Ukikosa, nyani anamaliza hindi zima kabla wewe hujamaliza kushindilia. Na haliendi mbali, lazima usogee. Mume wangu alikuwa anatambaa kwenye mtama kama nyoka mpaka anamwona nyani kope za macho. Miaka mingi alikuwa hakosi.

Halafu akaanza kukosa. Msimu wa kwanza akasema baruti imeingia unyevu. Wa pili akasema mtutu umechakaa. Wa tatu akasema dunia imebadilika, nyani wa siku hizi wanataka bunduki ya kisasa.

Alikuwa na mtani wake, Mnyiramba aliyeoa kwetu akahamia, naye ana gobore lake. Hao wawili walibishana juu ya jambo hili mwaka mzima, kwenye pombe ya mtama, kwenye misiba, nje ya kanisa. Mume wangu akisema kitu cha bei kina sababu ya bei yake: bunduki ya maana inapiga pale pale unapoelekeza, leo na kesho, na darubini inaleta jabali la mbali mpaka puani. Mtani akisema kwa nyani wa kula mahindi gobore linatosha, tofauti yote iko kwa anayelishika.

"Mnyaturu akinunua bunduki ya ng'ombe wanne," alimwambia mbele ya watu, "nyani watapanga foleni. Kila mmoja atataka afe kwa heshima."

"Na gobore lako likilia," mume wangu akamjibu, "anayeanguka ni wewe."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Sikujua bado.

Kibali kilichukua muda, serikali ya kijiji, kisha Ikungi, kisha kurudi tena Ikungi. Mwanetu wa Dodoma akamsindikiza kununua. Alirudi na kitu cheusi kinang'aa kimefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga, na sanduku la chuma la kukifungia lenye kufuli mbili.

Sitasema uongo: ile bunduki ilikuwa nzuri. Wiki ya kwanza alimwangusha nyani dume juu ya jabali ambalo gobore lisingelifikia hata kwa kelele. Wanawake walipiga vigelegele. Kundi zima lilihama siku kumi. Mtani alikuja kuitazama, akaweka jicho kwenye darubini, akakaa muda, akasema, "Hii inaonyesha mpaka dhambi." Kwake hayo yalikuwa maneno ya kukubali.

Siku ile ya yule dume nilikuwa juu ya dungu pembeni yake, na ni mimi niliyemwambia alipo. Nilidhani ananiuliza kwa kunishirikisha. Siku ya pili akaniuliza tena, kulia au kushoto, juu ya ufa au chini. Siku ya tatu nikanyamaza makusudi. Nyani alikuwa amekaa peupe, anajikuna, hata mtoto angemwona. Mume wangu aliizungusha darubini huku na huku kama mtu anayetafuta sindano kwa mkono kwenye giza. Mchana wa jua kali.

Akaiweka chini. Akajua kwamba nimejua.

"Mama watoto," alisema, "neno hili lisishuke dungu hili."

Nikamwambia halitashuka. Nilisema haraka bila kufikiri, kama unavyomwitikia mtu anayetaka kuanguka.

Basi hapo ndipo nilipofungwa. Ile darubini ilimsaidia kweli, lakini mpaka umwelekeze. Ukishamwelekeza, kitu cha mbali anakiona ndani ya duara, kikubwa, na anakipiga. Nje ya duara hana kitu. Na cha karibu ni kibaya zaidi, maana kinajaa kioo chote, rangi tupu, hujui ni jani au ni ngozi. Gobore halikuwa na duara. Lilimlazimu asogee, na akisogea anaona, na asipoona haendi. Ile ya bei ilimpa ruhusa ya kukaa mbali.

Na kule kwenye majabali wanawake wanakwenda kuchuma mlenda wa porini. Mwanamke aliyeinama kati ya mawe, na kanga iliyopauka mgongoni, kwa mbali ni nyani. Hata mimi mwenye macho naangalia mara mbili.

Nikaona kwamba nikishuka pale dunguni, siku moja mtu atakufa. Nikisema, bunduki itachukuliwa, na ng'ombe ndio hao wamekwenda, na mume wangu, ambaye kijiji kizima kinamwita aje apige, atakuwa mzee wa kushikwa mkono. Kwa hiyo nilikaa. Nilipanda ngazi asubuhi umande haujakauka, nikashuka naye jioni nyani wakirudi kwenye mawe yao. Nilikosa sala za jumuiya. Nilikosa mnada wa Ikungi msimu wote. Watu wakasema bibi huyu uzeeni amempenda mumewe upya, hawaachani. Mtani akasema, "Shemeji, dungu hilo mnalinda nyani au mnalinda harusi?" Nikacheka kwa meno.

Shemeji yangu wa Ilongero alifariki, mume wa dada yangu. Ilibidi niende. Asubuhi ile kabla sijapanda bodaboda, mume wangu akiwa nje ananawa, nilifungua sanduku nikatoa risasi zote nikazifunga kwenye pindo la kanga. Nimezika na risasi zile. Nimemkumbatia dada yangu analia, nami nalia, na kila nikisogea zinanigonga paja. Akaniuliza una nini humo, nikasema ni dawa ya mgongo. Nilirudi siku ile ile, wakati dada yangu mwenyewe analala matanga. Hajanielewa mpaka leo, na ana haki.

Nilipofika mume wangu alikuwa amekaa mlangoni. Hakuniuliza risasi. Alisema tu, "Umewahi." Nami sikujua kama alikwenda sandukuni au hakwenda. Nilizirudisha usiku akilala.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mtama ulikuwa umeshafunga masuke. Jua la saa nne. Mume wangu alikuwa anasinzia, bunduki magotini, na mimi nilikuwa nimebanwa na haja toka asubuhi. Nikaona amesinzia vizuri, nikashuka taratibu nisimwamshe. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu. Miezi yote ile nilikuwa nikishuka namwambia.

Niliingia kwenye mtama hatua kama kumi na tano, nikachutama. Nimevaa koti. Mtama ukatikisika, mtama lazima utikisike. Juu ya dungu nikasikia sauti ya kile chuma cha kuvutia risasi. Sauti hiyo naijua kuliko kikohozi chake.

Niligeuza shingo. Mtutu ulikuwa unanitazama. Na nyuma yake ile darubini, na nyuma ya darubini yeye, ametulia kabisa, ametulia kama zamani alipokuwa hakosi. Najua alichokiona. Aliona kahawia, duara zima la kahawia linatikisika.

Kupiga kelele ni rahisi kusimulia. Nilijua nikipiga kelele kidole kitashtuka. Nikisimama, kitashtuka. Kwetu mke hamwiti mumewe jina lake. Unamwita baba fulani, au mzee, mpaka kifo. Tangu nimeolewa sikuwahi kulitamka. Nililitamka pale. Jina alilopewa na mama yake, kwa sauti ya kawaida, kama vile mama yake alivyokuwa akimwita aje kula ugali.

Mtutu ulibaki pale pale. Nikalitamka tena.

"Nani?" akasema.

"Mimi."

"Umevaa nini?"

"Koti lako la kahawia."

"Mbona hukuniambia umelivaa?"

"Baba watoto," nikamwambia, "nimekaa pembeni yako na koti hili tangu mtama unachipua."

Aliishusha bunduki. Nilimaliza haja yangu, maana mwili hausubiri, nikapanda ngazi nikakaa pale pale ninapokaa siku zote. Akasema alidhani nimekwenda nyumbani kuleta uji. Akasema hakuna aliyekufa. Nikamwambia hapana, hajafa mtu, ila kesho ni siku ya wanawake kuchuma mlenda kule juu, na hao hawatajua kwamba wanatazamwa.

"Ukisema," alisema, "utakuwa umenizika."

Nilishuka na bunduki mimi, nikaifunga sandukuni, funguo nikaweka kifuani, nikaenda kwa mtani wake.

Njia nzima niliyapanga maneno. Nilimkuta anachonga mpini. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia mwenzako haoni. Nilingoja achekee puani kama kawaida yake. Akaendelea kuchonga.

"Najua," akasema. "Tangu mwaka juzi. Nikimtania ananitazama sikio."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, wakati mimi nimekaa juu ya miti msimu mzima kama ndege aliyetegwa. Akapuliza vumbi kwenye mpini.

"Shemeji, mimi ni mtani. Nikisema, watacheka. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Kumbe wote tulikuwa tumekaa, kila mtu kwenye dungu lake, anangoja mwingine ashuke kwanza.

Kesho yake tulikwenda Ikungi watatu, na bunduki zake zote mbili, ile ya bei na gobore alilorithi. Mume wangu alivaa suti ya kanisani. Njia nzima alinipa mgongo, lakini wakati wa kushuka kwenye gari alilitafuta bega langu. Kituoni askari kijana alimpa shikamoo, akaandika namba za bunduki, akauliza sababu ya kurudisha. Mtani akafungua mdomo. Mimi nikafungua mdomo. Mume wangu akatutangulia.

"Macho," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kwake. Askari aliliandika kama anavyoandika mengine, akampa karatasi aweke kidole.

Hospitali walituambia jicho moja lilikufa siku nyingi, na la pili linafuata, dawa ya matone italichelewesha tu. Bunduki mwanetu anaishughulikia kuiuza kwa mwenye kibali. Ameniuliza kwa simu kama kununua kitu cha bei vile kulikuwa kosa. Nilimwambia kitu kilikuwa kizuri, na ng'ombe walikuwa wazuri, na baba yako alitaka kununua kitu ambacho hakikuwa dukani.

Nyani wamerudi. Mtani anakuja na gobore lake wakizidi, siku nyingine napiga debe na koti langu. Mume wangu bado anapanda dungu, hataki kubaki nyumbani na kuku. Kwa hiyo nami bado napanda. Sikufunguliwa kama nilivyodhani nitafunguliwa. Tofauti ni kwamba sasa nikitaka kushuka nashuka, namwambia, naye ananiuliza nimevaa nini.

"Koti."

"Haya, shuka."

Nikikawia kwenye mtama ananiita. Haniiti mama watoto. Ananiita jina langu la usichana, ambalo waliokuwa wakiliita wote wamekufa, analiita kwa nguvu mpaka majirani kwenye madungu yao wanageuka. Ni aibu kwa wazee kama sisi. Naitika.