Miguu ya Baba ku Gare

Baba yangu alizaliwa Kolwezi. Babu njo alitoka Kasai, balimuleta kutumika mu mukuba, kuchimba shaba. Baba yeye alipenda inchi, eh, alipenda mupaka kutuchokesha! Asubuhi, firimbi ikilia na drapo, bendera ya inchi, ikianza kupanda, sheria ilisema kila mutu asimame palepale. Bengine balisimama juu ya woga. Baba alisimama na roho yote, hata mu mvua.

Mama alikuwa anamucheka: "Tata, ile kitambaa itakupikia bukari ya kula?"

Kiisha siku moja majirani, batu tulikula nabo sahani moja, bakatuambia: mwende kwenu Kasai. Kwetu wapi? Tulikimbilia ku gare, tukalala pale siku mingi, tunangoja treni ya Kasai. Mutoto wetu mudogo alikuwa ku mugongo ya mama, anahara, moto wa mwili haushuki. Kule Kasai dada ya mama alitumika ku hospitali. Mama aliomba kitu moja tu: tufike.

"Unaona inchi yako?" akamuuliza baba.

"Batu njo banatufukuza, haiko inchi," baba akajibu.

Treni ikafika asubuhi. Kila familia ilifanya vile vile: baba anapanda wa kwanza, anakamata nafasi, ananyoosha mikono mu dirisha, mama anamupa batoto. Baba alikuwa na nguvu, alikuwa karibu kabisa na mulango. Pale firimbi ikalia, drapo ya gare ikaanza kupanda.

Baba akasimama, mikono chini. Batu bakamupita mbio, hata bale balisimamaka naye miaka yote.

"Tata, panda! Panda, mutoto anakufa!" mama akalalamika.

Mi nilimuvuta shati, nikamupiga ngumi ku mugongo. Hakutingishika. Drapo ilipofika juu, mabehewa yalikuwa yamejaa mupaka paa. Baba alilia, aliomba batu. Nani atashuka? Treni ikaenda.

Nilimuchukia, nasema wazi. Kiisha miaka mingi nilimuuliza sababu. Akajibu, "Miguu ilikataa, binti yangu. Mi niliiambia iende." Basi, ningemufanya nini?

Treni ingine ilikuja kiisha siku tano. Ile mara firimbi haikulia. Baba alipanda wa kwanza, akapata nafasi muzuri, akanyoosha mikono mu dirisha. Mama alisimama pale chini akimuangalia. Mutoto tulikuwa tumemuzika jana yake, nyuma ya gare.