Akaunti Iliyolala

Kila mwezi kampuni inayobeba programu yangu hunitumia barua ya habari njema. Huandikwa na watu wenye furaha kupita kiasi: tumeboresha hiki, tumeongeza kile, sasa kazi yako itakuwa nyepesi zaidi. Sijawahi kupata barua yao inayosema tumeharibu. Nilizoea kuzisoma kama watu wanavyosoma matangazo yaliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa, jicho moja kwenye karatasi na jingine njiani. Hii ninayotaka kuisimulia niliisoma hivyo hivyo.

Kwanza niseme kazi yangu ni nini, maana hata ndugu zangu hudhani natengeneza simu zilizovunjika kioo. Nilitengeneza programu ndogo ya boti na samaki, hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Mtu aliye kwenye visiwa vya ziwa hili, Kilwa au Chisenga, anagusa picha ya boti, anasema kwa sauti yake mwenyewe boti inaondoka saa ngapi na imebeba nini, na wachuuzi wa huku wanamsikia kabla hajafika. Kile wanachokiona kwenye simu ni sebule tu. Jikoni ni kwingine, kwenye kompyuta za kampuni ile ya mbali, ambako sauti huhifadhiwa na kila mtumiaji ana akaunti yake. Sijui hata jiko hilo liko nchi gani. Napika ndani yake kila siku na sijawahi kuliona.

Hakuna kuandika katika programu hiyo kwa sababu mama yangu hakujua kuandika. Huo ndio ubunifu wangu wote, mengine watu wananisifia bure. Mama alinunua chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, kule Kilwa, akawauza hapa sokoni. Alivuka kutoka Kongo mimi nikiwa mgongoni, na Kiswahili cha kule hakikumtoka mdomoni hata baada ya miaka yote ya kuzungumza Kibemba. Wachuuzi wengine walisema maneno matano wakakata. Mama alihubiri. Alisalimu, akaulizia watoto wa watu, akatoa habari za upepo, akagombana na mwenye boti huku bado anarekodi, na mwishoni kabisa ndipo akakumbuka samaki. "Samaki iko mukavu muzuri, haina muchanga," alisema kila safari, na kila safari walikuwa na mchanga.

Alifariki mwaka jana kabla ya mvua, kwa ugonjwa wa kifua uliomchukua siku sita. Sitaeleza siku hizo.

Baada ya mazishi baba aligundua jambo ambalo mimi mwenyewe, mwenye programu, sikuwa nimelifikiria. Akigusa picha ya mama kwenye simu yake, sauti zote za zamani zilikuwa bado zipo. Basi kila siku, akishamaliza kula mchana, alihamisha kiti chake kivulini nyuma ya nyumba na kusikiliza sauti moja. Moja tu. Nilimwambia anaweza kusikiliza hata kumi kwa mfululizo, akaniangalia kama nimemwambia ale chakula cha juma zima kwa mlo mmoja. Ikifika pale pa mchanga alicheka, akafunga simu, akalala. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo kwa makusudi karibu na dirisha ili na mimi nisikie.

Kwetu, vitu vya marehemu havigawanywi haraka. Hukusanywa, hufungwa ndani ya kitenge, na hakuna anayevigusa mpaka siku ya kumaliza kilio, ndugu wanapokutana na mmoja wao kulirithi jina lake. Kuvaa kitambaa chake kabla ya siku hiyo ni aibu kubwa. Simu yake nayo ilizimwa ikafungwa humo, na fundo nililifunga mimi. Wazee walipanga siku hiyo iwe mwishoni mwa mwezi wa pili, kabla ziwa halijafunguliwa, kwa sababu uvuvi ukianza huwezi kumpata mtu yeyote nyumbani.

Baba aliniomba kitu kimoja tu. "Siku ya kugawa, kabla mudogo wake achukue jina, batu basikie sauti yake. Ya mwisho. Utaniwekea?"

"Nitaweka, papa," nikamwambia. Nilikuwa na spika, nilikuwa na simu, niliona ameniomba kitu rahisi mno.

Barua ya habari njema ilikuja ziwa likiwa bado limefungwa. Miezi mitatu kila mwaka serikali hukataza kuvua ili samaki wazaane, na miezi hiyo programu yangu hunyamaza kama soko la Jumapili. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa imekaribia kujaa, na nilikuwa natafuta cha kutupa. Na hawa hapa wananiletea kipengele kipya: usafi wa akaunti zilizolala. Akaunti ambayo mwenyewe hajaifungua kwa siku tisini itaonywa kwenye simu yake kila siku kwa juma moja. Asipojibu, inaondolewa. Kuiwasha ni kubonyeza mara moja.

Nilijiona mjanja. Nilijua kwamba kwa sababu ya ziwa kufungwa, nusu ya wavuvi wangu wataonekana wamelala. Kwa hiyo niliketi nikaandika maneno ya onyo mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kibemba, kwa upole, ili asishtuke mtu. Niliwafikiria wa Puta, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Niliwafikiria wale wanaotumia simu moja watu wanne. Ziwa zima nililizunguka kichwani, mwambao hadi mwambao. Kisha nikabonyeza, nikanywa chai.

Chini ya barua kulikuwa na mistari miwili ya herufi ndogo. Akaunti ikiondolewa, kila kilicho ndani yake kinaondoka nayo. Na kinachohesabiwa ni mwenyewe kufungua. Wengine wakimsikiliza haihesabiki. Mistari hiyo niliisoma siku kumi na moja baadaye.

Siku hiyo baba aliingia jikoni na simu mkononi. "Rezo iko mubaya," alisema, akimaanisha mtandao. "Siku nne sasa. Nafinya, nafinya, haisemi kitu."

Niliichukua. Mahali pa picha ya mama palikuwa na duara tupu la kijivu. Moyo wangu ulijua kabla ya vidole. Nilifungua kompyuta, nikatafuta namba yake, nikatafuta jina lake, nikatafuta jina lake kwa makosa ya herufi, ikanijibu hakuna. Nakala za akiba zilikuwa zikitunzwa siku tatu tu, na siku tatu zilikuwa zimepita jana yake. Kwenye simu za wachuuzi hapakuwa na kitu, kwa sababu mimi mwenyewe, fundi hodari, nilitengeneza programu isiyohifadhi sauti kwenye simu ili isijaze simu za watu. Msiba wa kujitakia hauna kilio, husemwa. Nililia hata hivyo, nimejifungia, na taulo mdomoni.

Watu wa Puta na Chisenga walioondolewa pamoja naye walijiandikisha upya kwa dakika mbili na kunitania. Mmoja aliniuliza kama nimeanza kufukuza wateja kama mke mkubwa anavyomfukuza mke mdogo.

Nilipotoka, baba alikuwa bado amesimama pale pale. Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

"Ni rezo, papa," nikasema. "Itarudi."

Mwongo hajui ukubwa wa mzigo anaoutwika. Kesho yake, badala ya kukaa kivulini, baba alivaa viatu, akachukua fimbo, akapanda mpaka kwenye mnara wa simu, kwa sababu fundi mmoja alikuwa amewahi kumwambia kwamba ukiukaribia mnara mtandao hushika. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu yake. Alirudi amelowa. "Leo haikushika," alisema, na akaniomba chai. Siku ya pili alikwenda tena. Siku ya tatu nilimwomba asiende, nikasema mvua inakuja, akaniambia, "Mama yako alivuka Mweru na mvua." Nilibaki nikimtazama mgongo akipanda. Nikajichukia kwa chuki ambayo sikuwahi kumchukia adui.

Niliiandikia kampuni. Nilieleza kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote kwamba akaunti ile haikuwa imelala, kwamba mwenyewe amekufa, na kwamba mume wake alikuwa akiisikiliza kila siku. Walijibu siku hiyo hiyo, kwa adabu sana. Walinipa pole. Walisema kilichoondolewa hakirudi, na kwamba kipengele kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Chini walichora nyuso mbili, moja inacheka na moja imenuna, wakaniomba nichague ipi inaeleza huduma niliyopata.

Siku ya kumaliza kilio ilifika mimi bado sijasema. Nilikuwa nimepanga kusema asubuhi, kisha baada ya ibada, kisha baada ya chakula. Mama mdogo, yule wa kurithi jina, alikuwa amevuka kutoka Pweto na boti ya kwanza. Wanawake wa kanisa waliimba, mchungaji akaomba, tukala bukari, yaani ugali, na chisense. Mkeka ukatandikwa, mama mdogo akaketishwa, fundo likafunguliwa. Vitenge vilipita mikono kwa mikono. Simu ilikuwa chini kabisa, imezungushiwa kilemba cheupe.

"Inatumika?" mama mdogo aliuliza. Alinipa niiwashe, niiunganishe na mtandao wa simu yangu, apate namba za watu wa marehemu awasalimu. Nikafanya hivyo. Nilidhani aliyeondolewa ameondolewa, hakuna litakalokuja.

Simu ilianza kutetemeka. Ikatetemeka tena, na tena, ikisogea juu ya mkeka. Wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja alisema watu wa mama wanampigia, na wengine wakajikinga kwa ishara ya msalaba.

"Soma," baba aliniambia.

"Ni matangazo tu, papa."

"Soma."

Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, yale niliyoyaandika kwa upole. "Bado uko nasi? Gusa hapa ubaki."

"Na ingine?"

"Ni ile ile."

"Soma, mutoto."

Nilisoma. Bado uko nasi, gusa hapa ubaki. Nikasoma ya tatu, na ya nne. Alitaka zote, akitikisa kichwa kidogo kila niliposhusha sauti, kama mtu anayehesabu. Ya mwisho ilikuwa fupi. "Akaunti yako imeondolewa. Asante kwa muda wako nasi." Mama mdogo alikuwa ameziba mdomo. Mchungaji, Mungu ambariki, alianzisha wimbo ambao hakuna aliyekuwa akiujua vizuri, na watu wakaanza kuhangaika na maneno yake badala ya kututazama.

Baba alinikuta nyuma ya nyumba, kwenye kichanja cha kukaushia samaki. Hakuketi.

"Kumbe haikuwa rezo."

"Haikuwa rezo, papa. Ni mimi."

Nilimweleza yote: barua, nafasi iliyokuwa imejaa, kipengele kipya, zile siku saba ambazo simu ya mama ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge ikiulizwa kama bado yupo. Nilimweleza na herufi ndogo. Nilimwomba msamaha wa mnara, wa siku zote alizopanda. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza simu ile, kichwa kimeinama upande.

"Bale batu ba kule," aliuliza, "balimujua mama yako?"

"Hapana, papa."

"We ulimujua."

"Ndiyo."

"Na ile siku ulifinya, haukumuwaza?"

Ningeweza kumjibu mengi. Ningesema kazi ilikuwa nyingi, ningesema Kiingereza cha barua kilikuwa kigumu. Lakini nilikuwa nimechoka kudanganya, na jibu la kweli nilikuwa nalijua tangu siku ile nilipofunga mlango na taulo mdomoni. Miezi mitano mizima nilikuwa nimeamka na mama na kulala na mama. Asubuhi ile niliamka nikiwa mwepesi. Nilifanya kazi yangu ninayoipenda, nikaimba, nikanywa chai yangu ya moto mpaka mwisho wa kikombe.

"Hapana, papa," nikasema. "Siku ile sikumuwaza hata kidogo. Ilikuwa siku ya kwanza."

Kule mbele watu walikuwa wameanza kumwita mama mdogo kwa jina la mama, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa, na yeye akiitika.

"Basi uko na bahati," baba akasema, bila hasira yoyote. "Mi, ile siku bado haijanifikia."