Kinywa cha Mzee Fanueli

Mzee Fanueli hakuwa mwoga. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa kusimama juu ya gogo na msumeno mrefu huku mwenzake yuko shimoni chini, na aliwahi kuangukiwa na tawi la mti akacheka. Kwa hiyo alipoanza kuogopa hakujua aifanyeje hofu yake. Ilimkalia tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Kilichomwogopesha ni kidonda kidogo chini ya ulimi, upande ule aliozoea kuegemeza kiko chake. Kingekuwa kinauma angekilaani akalala. Hakikuuma. Kilikaa pale kigumu, na kando yake weupe kama utando wa maziwa, na kila asubuhi alikigusa kwa ncha ya ulimi akitumaini hakipo. Shemeji yake, kule Tukuyu, alianza hivyohivyo. Walimzika hana taya.

"Nenda kwa watu wa meno mjini wakuangalie," alisema mkewe, Sekela. "Redio imesema wanaangalia vinywa vya wavuta tumbaku wote, bure."

"Kwa watu wa meno yuko nani?"

Kwa watu wa meno, pale Mbeya mjini, alikuwapo Tusekile, mke wa mtoto wao Ambrosi. Ndiye aliyemshikia daktari taa na kuwapanua wagonjwa midomo.

Msomaji asiyetoka kwetu atauliza, sasa hapo pana nini? Pana mengi. Kwa Wanyakyusa wa umri wa Fanueli, baba mkwe na mkaza mwana hawaonani. Tangu aolewe, Tusekile hakuwahi kumtazama mzee usoni, wala kutamka jina lake, wala kumsemesha. Akikutana naye njiani aliingia migombani, nesi mzima na viatu vyake vyeupe, akasubiri mzee apite. Salamu zao zilipitia kwa Sekela. Na wote wawili walikuwa Wakristo wa kubatizwa. Mchungaji alishasema mpaka akachoka. Sasa mtu huyo ndiye aje amtie vidole kinywani? Fanueli aliona heri avuliwe nguo sokoni.

Hapo ndipo mzee alipofanya hesabu yake ya kijinga. Tusekile alikuwa mjamzito. Atakapokwenda likizo ya uzazi, yeye Fanueli ataingia. Basi akasubiri tumbo la mtoto wa watu likue. Mimba ikakua, na kidonda nacho kikakua. Akaacha pilipili, akaacha ndizi za kuchoma, mwisho akawa anakunywa uji amegeukia ukutani ili Sekela asione anavyokunja uso. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walishamaliza. Lakini Fanueli hakuogopa kifo peke yake, na hofu mbili zikikutana hazipunguzani.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Wiki hiyohiyo Fanueli akashuka mjini amevaa koti la kanisani.

Daktari, kijana mpole wa Iringa aitwaye Philbert, alimshika ulimi kwa kitambaa, akauvuta kushoto, akauvuta kulia. Akampapasa chini ya taya na shingoni, akarudia mahali palepale. Kisha akaacha kuzungumza. Fanueli alitamani aendelee, hata kama ni habari za mvua.

"Mzee, umekaa nacho muda gani?"

"Si muda," alisema Fanueli.

Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo cha nyama, akasema kitapelekwa Dar es Salaam kikapimwe. "Huenda si kitu. Majibu yakija tutakuletea habari."

Alirudi nyumbani na hiyo "huenda" ikamnyima usingizi. Kila aliyepiga hodi alimshtua. Akaacha kiko, akasali, akamwahidi Mungu yale ambayo watu wenye hofu humwahidi.

Alasiri moja alikuwa ameketi uani akinoa msumeno, akamwona Tusekile kwa mbali anakuja na mtoto mgongoni. Akageuza uso kama ilivyo desturi, akangoja aingie migombani. Hatua hazikuingia migombani. Zilikuja moja kwa moja zikasimama mbele yake.

"Tata," alisema Tusekile, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Nitazame."

Akamtazama. Hakuwahi kujua kwamba mkaza mwana wake ana kovu dogo juu ya jicho. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, ila sauti ilikuwa ile ya kazini.

"Majibu yamefika. Kesho tunapanda treni ya Dar es Salaam, mimi na wewe. Daktari amenitumia ujumbe, amesema tusingoje tena. Achama nione kimefika wapi."

Fanueli akaweka msumeno chini. Aliachama, mchana kweupe, mbele ya mke wa mwanawe, na yule akainama kutazama.

Jikoni Sekela alikuwa anasonga ugali. Habari za majibu na safari hazikumfikia. Alichosikia ni sauti ya mkwewe ikimsemesha mumewe, jambo lisilofanywa kwa ugonjwa mdogo. Akaacha mwiko chunguni, akaketi chini, akaanza kulia.