Chafya Iliyo Ndani ya Santuri

Kule Muheza, nikiwa mtoto, bakuli la jirani lilikaa kwetu masika nzima. Bakuli la bati, lina ua jekundu ubavuni. Lilikuja na mbaazi za nazi, tukazimaliza siku ile ile. Kazi ikawa kulirudisha, maana kwetu chombo cha mtu hurudi na kitu ndani, na sisi kitu hatukuwa nacho. Mama akimwona jirani anapita, anajifanya anafagia. Jirani naye, anayelitaka bakuli lake, anajifanya anatafuta kuku. Mwishowe mama alitia pilipili za uani akanituma, akasema nikishafika nikimbie. Mume wa jirani alizila zile pilipili, lakini hiyo acha, marehemu simcheki.

Sasa nakaa Temple Hills, huku Marekani, kwa binti yangu, anayehudumia wagonjwa. Shule niliiacha mapema, nasoma kwa kufuatisha kidole, kwa hiyo santuri nazichagua kwa picha. Nazipenda zile ndogo zenye tundu kubwa katikati, wimbo mmoja kila upande, za vijana wa Kimarekani wa miaka ya sitini waliopiga magitaa kwenye gereji za wazazi wao. Hakuna aliyewajua nje ya mtaa wao. Wanaimba kama wamebanwa pua, na ngoma inakimbia mbele ya gitaa kama mbuzi aliyekata kamba. Nikisikia, mabega yanacheza yenyewe.

"Baba, hizo kelele umezitoa wapi?" binti huuliza.

"Kwa mzee wa mikanda."

Huyo ni Mzungu wa rika langu, suruali yake inashikwa na mikanda ya mabegani. Jumamosi alikuwa akiweka meza ya santuri kwenye mnada wa vitu vya zamani, Landover, karibu na maghala. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini tulielewana. Siku ya kwanza aliniazima sanduku zima la mbao nikasikilize. Nikalirudisha na maandazi juu ya santuri, nimeyafunga kwenye karatasi.

"Hivi ni nini?"

"Maandazi."

"Nimekuazima muziki, wewe unaniletea chakula?"

"Mzee, sanduku haliwezi kurudi tupu. Nitamtazamaje mama yangu?"

Mama yangu alishakufa zamani, lakini hilo sikumwambia. Akala la kwanza, akala la pili, akafuta mafuta kwenye suruali. Tangu hapo, nisipotaka kuazima ananilazimisha. "Chukua, chukua, hizi hujazisikia!" Huku jicho liko kwenye mfuko wangu wa maandazi.

Akiwa ameshiba ndipo aliposema anachotafuta. Ujanani alipiga ngoma na wenzake wa shule, wakarekodi chumba cha nyuma cha duka la mazulia. Mwenye duka ndiye aliyetoa santuri, chache tu, akazibandika picha ya kobe wa kijani. Wimbo ukianza, mpiga ngoma anapiga chafya. Kurudia hawakuweza, kwa hiyo ikabaki. Yake ilipotea nyumba ya mama yake ilipouzwa.

"Sikio la kulia limekufa," akasema, "la kushoto linaaga. Nataka kujisikia mara moja kabla halijaondoka."

Basi kobe nikamtafuta kila nilikokwenda na binti. Nikampata Beltsville, nyumba moja wanauza vitu vyao uani. Binti anachagua masufuria, mimi nimeinamia boksi la nyimbo za Krismasi, na chini kabisa kobe ananitazama! Nyumbani nikaweka sindano. Chafya!

"Baba," binti akaita toka jikoni, "huyo ana mafua?"

Jumamosi nikarudisha sanduku. Juu maandazi, chini kobe.

Alianza na maandazi, kama kawaida yake. Halafu mkono ukasimama. Akaifuta ile santuri kwa shati, akaiweka kwenye gramafoni yake ya betri, akalaza sikio la kushoto karibu na spika hata nikaogopa sindano itamchoma. Ikaja chafya.

"Afya!" nikasema. Mtu akipiga chafya ndivyo tunavyosema, mdomo haukungoja kuuliza ni ya mwaka gani.

Akacheka mpaka mikanda ikaruka. "Ngoma mbovu ile," akasema. "Mbovu kabisa." Akairudia, vidole vinapiga meza, vinakosea palepale ngoma inapokosea.

Ilipoisha, akaitia santuri ndani ya shati, akanibana bega, akaondoka akipita kati ya magari yaliyoegeshwa.

"Mzee! Sanduku lako!"

Nilikuwa upande wa sikio lililokufa. Nikakaa kwenye kiti chake nimlindie meza, watu wanakuja kuniuliza bei nami nawaambia wamngoje mwenyewe. Wauzaji wengine wakafunga, wakaondoka. Maandazi yaliyobaki niliyala mwenyewe. Hakurudi, siku ile wala Jumamosi yoyote; nadhani kilichokuwa kikimleta mnadani ni kobe, na sanduku lake liko kwangu mpaka leo.